MWENYEJI NI NANI?

Yako maneno ambayo mtu huyatamka kila siku pasipo kuyatazama ndani, kama vile mtu apitavyo kila siku mbele ya mtungi asiulize una nini. Neno moja la namna hiyo ni MWENYEJI. Katika Kindu na katika vijiji vyote vya Maniema neno hili husikika asubuhi na jioni. Walakini husikika kwa sauti mbili zisizofanana.

Mlangoni pa nyumba husikika kwa furaha. Msafiri amefika, ametua mzigo wake, naye aulizwa: “Mwenyeji wako ni nani?” Akiisha kumtaja, watoto hukimbia kumwita mwenyeji huyo, maji huletwa, na moto huongezwa kuni. Lakini penye mpaka wa shamba, au kisimani wakati wa ukame, au siku ya kuchagua wakubwa wa mahali, neno lile lile husikika kwa ukali: “Sisi ndio wenyeji hapa. Ninyi ni wageni tu.” Hapo neno limegeuka kuwa fimbo.

Basi liko swali linalostahili kufikiriwa na kila mtu anayetaka kuishi kwa haki na jirani zake. Neno moja lawezaje kufungua mlango na kuufunga? Na katika sauti hizo mbili, ni ipi iliyo sauti ya neno lenyewe, na ni ipi iliyoingizwa na hasira ya watu?

1. Neno limejengwaje?

Mwenyeji ni maneno mawili yaliyofungwa pamoja yakawa moja: mwenye na mji. Kiswahili hupenda kujenga kwa namna hii. Mwananchi ni mwana wa nchi. Mwanadamu ni mwana wa Adamu. Mwenyezi, neno ambalo wakatekumeni hulisikia katika sala kila siku, ni mwenye enzi. Na mji, katika Kiswahili cha zamani, si lazima uwe mahali penye barabara pana na taa. Nyumba chache za ukoo mmoja, pamoja na moto wao na makaburi ya wazee wao, huitwa mji pia.

Lugha nyingine nazo zina maneno yaliyounganishwa. Kwa mfano, Waingereza humwita mtu mwenye nyumba ya kupangisha landlord. Ukilikata neno hilo vipande viwili utapata ardhi na bwana, yaani bwana wa ardhi. Tena kwa neno hilo hilo humwita yule anayeendesha nyumba ya wageni, ambaye huwapa wasafiri chakula, kinywaji na kitanda. Kwa hiyo katika Kiingereza pia neno moja limebeba mambo mawili, kumiliki na kupokea. Lakini angalia tofauti iliyopo. Mwingereza ameweka bwana. Mswahili ameweka mwenye. Na mwenye si sawa na bwana.

2. Mwenye maana yake nini?

Watu husema: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye mbuzi. Hapo mwenye ni yule amilikiye kitu, naye aweza kukiuza akitaka. Lakini watu husema pia: mwenye njaa, mwenye homa, mwenye huzuni, mwenye watoto. Je, mwenye homa aliinunua homa yake? Aweza kuiuza sokoni? Hapana. Homa iko naye, naye anaichukua mwilini mwake. Na mwenye watoto je? Hakuwapata kwa fedha, wala hawezi kuwafanyia kila apendalo. Wako naye, naye yuko nao. Wakilia usiku, yeye ndiye aamkaye. Wakivunja mtungi wa jirani, yeye ndiye aitwaye kujibu.

Kumbe neno mwenye halimtaji bwana tu. Humtaja yule ambaye kitu kiko pamoja naye, hata akawa hana budi kukichukua na kukijibia.

Basi mwenye mji ni yupi? Hawi yule aliyeununua mji, kwa maana mji hauuzwi. Ni yule ambaye mji uko naye na yeye yuko nao. Anajua njia zake na visima vyake. Amelima hapo, amezika watu wake hapo. Mji ukiharibika, yeye ndiye aulizwaye. Mji ni wake kama watoto walivyo wa baba na mama yao: hauwi wake kwa heshima kabla haujawa wake kwa kazi.

3. Mwenyeji hufanywa na mgeni

Hata hivyo, maana ya neno haikai katika kujengwa kwake tu. Hukaa pia katika matumizi yake. Angalia jinsi watu wanavyolitumia neno hili katika maisha ya kila siku.

Mtu akikaa nyumbani mwake peke yake, akapika, akala, akalala, hakuna amwitaye mwenyeji. Ni baba wa fulani, ni jirani, ni mvuvi, ni mkulima. Jina la mwenyeji bado limelala. Siku mgeni abishapo hodi, saa ile ile mtu yule amekuwa mwenyeji. Hakuongezewa shamba wala nyumba. Ameongezewa mgeni tu. Ni kama ilivyo kwa mama: mwanamke haitwi mama mpaka awepo mtoto wa kumwita hivyo. Mgeni ndiye ampaye mwenyeji jina lake.

Wazee waliojua jambo hili walitunga methali: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husemwa mara nyingi, lakini husikilizwa mara chache. Wazee hawakusema “mgeni njoo upone”, ijapokuwa ni mgeni ndiye aliyechoka kwa safari. Walisema mwenyeji ndiye atakayepona. Kwa nini? Wengine hujibu kwa kucheka kwamba siku ya mgeni kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba hupata mchuzi. Ni kweli. Lakini iko sababu nyingine iliyo ndani zaidi. Nyumba isiyopokea mtu huanza kuugua. Habari za humo ni zile zile, ugomvi wa humo ni ule ule, na macho ya watu huzoea kuwatazama watu wao tu. Mgeni aingiapo, mume na mke waliokuwa wamenuniana husalimiana mbele yake, kwanza kwa aibu, halafu kwa kweli. Habari za mbali huingia. Mwenyeji hukumbuka ya kuwa dunia ni pana.

Wafaransa nao wana neno la kustaajabisha, ambalo wanafunzi wa Kindu hulikuta katika masomo yao: hôte. Neno hilo maana yake ni mwenyeji, na maana yake ni mgeni pia. Msomaji hana budi kutazama habari inayosimuliwa ili ajue ni yupi atajwaye. Kilatini, lugha ya zamani ya Kanisa, kilifanya vivyo hivyo kwa neno hospes. Watu wa kale waliona kwamba wawili hao ni kama ncha mbili za kamba moja. Anayevuta ncha hii, ile nyingine humfuata. Lakini Kilatini kina neno jingine lililo jirani na hilo, nalo ni hostis. Hapo kale neno hilo lilimtaja mtu wa taifa jingine, yaani mgeni. Baadaye likawa jina la adui. Ndivyo njia ilivyo fupi kutoka mgeni hata adui, nayo hupita katika moyo wa mwenyeji.

4. Pingamizi la wenyeji

Mtu aweza kujibu hivi: “Maneno hayo ni matamu, lakini wazee wa Maniema waliwapokea wageni, nao waliona taabu.” Pingamizi hili ni la haki. Halifai kufunikwa.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilifika Maniema kutoka pwani ya mashariki, ikitafuta pembe za ndovu, kisha watumwa. Nyangwe na Kasongo, upande wa juu wa mto Lualaba kutoka Kindu, zikawa makao yao makubwa. Huko Nyangwe palikuwa na soko ukingoni mwa mto, na wanawake wengi wa vijiji vya ng’ambo zote mbili walikuja kuuza samaki, muhogo na vyungu. Wageni wale waliruhusiwa kununua humo kama watu wengine. Mwezi wa Julai mwaka 1871 watu wa wafanyabiashara hao waliwapiga bunduki watu wa soko. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama walipojitupa mtoni. Msafiri David Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake, akaandika habari hiyo.

Baada ya hao walikuja wageni wengine. Mwaka 1885 Serikali ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi zote zilizohesabiwa kuwa tupu ni mali ya Serikali. Lakini msitu ambao mtu huwinda, na shamba lililoachwa lipumzike miaka kadhaa, havikuwa vitu vitupu machoni pa wenyeji. Vilikuwa na watu wake na mipaka yake. Kwa amri ya karatasi mgeni alijifanya bwana wa ardhi, na mwenyeji akawa kama mpangaji katika nchi ya babu zake.

Kwa hiyo haifai kumwambia mtu wa Maniema kwamba kila mgeni ni baraka na kwamba hofu yake ni upumbavu mtupu. Hofu hiyo ina kumbukumbu. Lakini tazama vema kosa la wageni wale lilikuwa wapi. Kosa lao halikuwa kufika. Kosa lao lilikuwa kukataa kuwa wageni. Waliingia kwa mlango wa mgeni, kisha wakashika kiti cha bwana. Anayewalaumu kwa jambo hilo, naye ana haki ya kuwalaumu, ajihadhari asije akafanya lile lile akiwa upande wa pili: kulishika jina la mwenyeji na kulifanya kiti cha bwana.

5. Siku ya huzuni katika Kindu

Liko tukio moja ambalo haliwezi kuachwa na yeyote anayelifikiri neno hili katika Kindu. Siku ya tarehe 11 Novemba mwaka 1961 ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua katika uwanja wa Kindu. Zilichukua vitu vya kuwasaidia askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Malaya, ambao walikaa hapo kulinda amani. Ndani ya ndege hizo walikuwamo Waitalia 13. Hawakuja kupigana. Walikuja kushusha mizigo na kurudi.

Wakati ule nchi ilikuwa imevurugika. Katanga ilikuwa imejitenga, na watu waliwaogopa sana askari wa kukodiwa kutoka Ulaya waliopigana upande wa Katanga. Baadhi ya askari wa Kongo waliokuwa Kindu waliwaona Wazungu hao wa ndege, wakawadhania kuwa Wabelgiji, au watu wa Katanga. Waliwakamata, wakawapiga, wakawaua wote 13. Mwaka uliofuata, 1962, miili yao ilipatikana, ikarudishwa kwao Italia, nayo imezikwa Pisa, mji ambako kikosi chao cha ndege kilikuwa na makao.

Sababu ya hofu ile inaweza kuelezwa. Vijiji viliteketezwa, watu waliuawa, na habari za uongo zilipita upesi kuliko habari za kweli. Lakini kueleza sababu ya kosa si kuliondoa kosa. Watu wale 13 walihukumiwa kabla ya kuulizwa majina yao. Sura yao ilitosha. Hapo ndipo njia ile fupi, kutoka mgeni hata adui, ilipopitwa kwa muda wa saa chache.

Na fundisho lake ni hili. Mwenyeji ana haki ya kumwuliza mgeni: “Watoka wapi? Wataka nini?” Desturi njema za vijiji huruhusu maswali hayo, maadamu mgeni amekwisha kupewa kiti na maji. Kuuliza si dhambi. Dhambi ni kujijibu mwenyewe kwa niaba ya mgeni, kisha kumhukumu kwa jibu ambalo hakulitoa.

6. Jembe la siku ya tatu

Wazee hawakusahau wajibu wa mgeni. Walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia methali hii kwa kuwafukuza watu. Lakini jembe si kitu cha kumfukuzia mtu. Ukitaka mtu aondoke, utampa fimbo yake na mzigo wake, umwonyeshe njia. Jembe hupewa mtu ambaye atalima. Na anayelima atangojea mavuno. Basi anayempa mgeni jembe amemwambia: “Sasa fanya kazi pamoja nasi, na mji huu uwe pamoja nawe pia.” Amemtoa katika ugeni na kumwanzisha katika wenyeji.

Hapa wajibu unasimama kwa pande mbili. Mgeni anayekataa jembe, anayedharau desturi za mahali, anayesogeza mpaka usiku, huyo amejiharibia mwenyewe. Lakini mwenyeji anayempa mtu jembe miaka 20, kisha akamwambia bado ni mgeni, huyo amekula jasho la mtu kwa hila.

Chukua mfano mmoja unaoweza kutokea katika kijiji chochote. Wakati wa vita vya mwaka 1998 hadi 2003 watu wengi wa Maniema waliacha vijiji vyao, wakakaa msituni au katika vijiji vya watu wengine. Fikiri mume na mke waliokimbia hivyo. Walipokewa mahali, wakapewa sehemu ya kulima, wakabaki. Mtoto akazaliwa. Sasa mtoto huyo ni kijana, ataka kuoa na kujenga. Siku moja yatokea maneno juu ya mpaka wa shamba, na jirani ampigia kelele: “Wewe ni mgeni, nyamaza!”

Kijana huyo ni mgeni wa wapi? Mgeni ni mtu aliyefika kutoka mahali pengine. Kijana hakufika, alizaliwa pale. Hakuna kisima kingine alichokunywa utotoni. Wazazi wake ndio waliobisha hodi. Yeye alizikuta nyumba zikiwa wazi. Neno mgeni laeleza hali ya mtu afikapo, halielezi damu yake. Haliwezi kurithiwa na mtoto kama shoka au nyavu za baba.

“Lakini shamba lile lilifyekwa na babu wa jirani!” Inawezekana kabisa, na kama ni hivyo, haki ya jirani isipuuzwe. Lakini angalia: haki ya shamba huonyeshwa kwa mpaka, kwa mashahidi, kwa wazee, kwa sheria. Kijana mwenyewe hana budi kuheshimu mambo hayo, hata kama hukumu ikimwangukia yeye. Haki ya shamba haionyeshwi kwa kupiga kelele “mgeni”. Anayetumia neno hilo badala ya ushahidi huenda hana ushahidi. Tena kama ushahidi anao, hahitaji neno hilo. Sheria ya nchi nayo yasema wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 30, humpa kila mtu aliye katika nchi haki ya kwenda atakako na kukaa atakapo, kwa kufuata sheria.

7. Mji uliojengwa na safari

Yafaa tena kuutazama mji wa Kindu wenyewe. Kwa nini umekua mahali hapa? Kwa sababu ya mto na reli. Kutoka Kindu kwenda chini hata Ubundu mto Lualaba huchukua vyombo kwa kilometa zipatazo 300. Lakini upande wa juu yako maporomoko yanayozuia vyombo. Kwa hiyo ilijengwa reli ya kilometa 355 kutoka Kindu hata Kongolo, nayo ilikuwa imefika huko mwaka 1911. Mizigo ilishushwa garini ikapakiwa melini, au ilishushwa melini ikapakiwa garini, na watu vivyo hivyo. Kindu ukakua kwa kazi ya kupokea wanaoshuka na kuwasafirisha wanaopanda.

Wako watu waliokaa kwenye kingo hizo kabla ya reli, wavuvi na wakulima, na heshima yao haina budi kukumbukwa. Lakini leo, mtu avukapo mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli kwenda Kasuku au Mikelenge, hukaa ubao mmoja na Mrega, na Mkusu, na Mzimba, na Mbangubangu, na Mgenia, na Msongola. Wakiulizwa ni nani mwenyeji kamili asiye na babu aliyewahi kubisha hodi popote, mtumbwi wote utanyamaza.

Hata lugha wanayosalimiana nayo ilikuja kwa safari. Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ile ya karne ya 19. Kilikuja na watu ambao wengi wao walifanya mabaya. Walakini lugha yenyewe ilikaa, ikashika jembe, ikawa ya mama na watoto. Leo Katiba inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Neno mwenyeji lenyewe, basi, lilikuwa mgeni katika Kindu. Na chakula ambacho mwenyeji humwandalia mgeni wake? Mpunga ulienezwa Maniema na watu wa misafara ile. Muhogo, ambao unga wake na majani yake huonekana kuwa chakula cha mababu tangu mwanzo, asili yake ni Amerika, nao uliletwa Afrika na Wareno. Mtu anayemfukuza mgeni mezani na ajue ya kuwa juu ya meza hiyo hiyo wamo wageni waliopokewa na babu zake, nao ndio wanaomshibisha.

8. Nani anakaa wapi mezani?

Wakatekumeni wanajua habari ya Abrahamu, jinsi alivyokaa mlangoni pa hema yake huko Mamre wakati wa jua kali, akaona watu watatu wakisimama. Hakungoja wabishe hodi. Alipiga mbio kuwalaki. Abrahamu huyo hakuwa mzaliwa wa nchi ile. Yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyehama kutoka mbali. Mgeni wa nchi alikuwa mwenyeji wa hema, na kwa kupokea wasafiri alistahili jina hilo kuliko watu wengi waliozaliwa pale.

Wanajua pia habari ya wanafunzi wawili waliokwenda Emausi. Walikutana na msafiri njiani, nao hawakumtambua. Jua lilipokuchwa walimsihi aingie akae nao. Basi wao ni wenyeji, yeye ni mgeni. Lakini walipokaa mezani, msafiri yule ndiye aliyetwaa mkate, akaubariki, akaumega, akawapa. Hiyo ni kazi ya mwenyeji, nayo ilifanywa na mgeni. Ndipo macho yao yalipofumbuliwa wakamjua Bwana Yezu. Kama wangalimfungia mlango kwa sababu hawakujua kabila lake, wangalilala usiku ule na chakula chao na huzuni yao.

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Mwenyeji ni nani? Si yule apigaye kelele ya kuwa ameitangulia njia. Ni yule ambaye mji uko pamoja naye, hata aweza kumfungulia mtu mwingine. Sauti ya mlangoni ndiyo sauti ya neno lenyewe. Sauti ya fimbo imeazimwa kwa bwana wa ardhi, nayo haifai kurithiwa na wale ambao babu zao waliumizwa nayo.

Na ikiwa mtu bado ana shaka, afunge safari. Avuke mto, apande gari la moshi, ashuke katika mji asiojulikana humo. Pale penye mji mgeni, jioni inapoingia na moshi wa mapishi unapanda juu ya nyumba za watu, jina lake la mwenyeji, alilojivunia huko kwao, halitamfaa hata kwa kikombe cha maji. Atasimama mlangoni pa mtu na kusema hodi. Kila atakachotamani kusikia kutoka ndani, ndicho impasacho kuwaambia wengine wanaosimama mlangoni pake.

Maswali ya kufikiriwa na kuzungumzwa

1. Neno mwenye lina tofauti gani na neno bwana? Toa mifano mitatu ya matumizi ya neno mwenye ambayo haihusu mali.
2. Kwa nini wazee walisema mwenyeji ndiye apone, wasiseme mgeni?
3. Wageni waliotenda mabaya katika Maniema walikosea wapi? Mwenyeji aweza kukosea kwa namna ile ile?
4. Ni lini ni haki kumwuliza mgeni habari zake, na ni lini maswali yanakuwa hukumu?
5. Katika kijiji chako yupo mtu aliyepewa jembe zamani lakini bado anaitwa mgeni? Ni kitu gani kingebadilika kama wote wangeacha kumwita hivyo?